Ganda Moja: Mtumbwi wa Nyasa na Usanifu wa Mashua Ndogo ya Fibaglasi

Msafiri atokaye Songea kuelekea magharibi, akapita Mbinga katika milima ya Umatengo na kuteremka hadi Mbamba Bay, mwendo wa kilomita zipatazo 170, hufika ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Chombo cha wavuvi wa huko tangu zamani ni mtumbwi wa gogo moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtumbwi huo, wala si jahazi la mbao, ndio ndugu wa karibu wa mashua ndogo ya tanga iliyotengenezwa kwa fibaglasi. Jambo hili lina maana kwa msanifu wa vyombo, na kwa mtunzi wa istilahi vilevile.

Jahazi ni kazi ya viungo: mkuku, mataruma, na mbao zilizopigiliwa misumari, kisha kila ufa hutiwa kalafati maji yasipenye. Mtumbwi hauna hayo. Gogo huchongwa kwa tezo, mdomo ukiachwa mwembamba kuliko tumbo, na nguvu zote zimo katika ganda lenyewe. Usanifu wa fundi ni kujua wapi auache ukuta mnene na wapi aupunguze.

Vyombo vya wageni viliingia Nyasa kwa njia nyingine. Mwaka 1875 Ilala, chombo cha chuma cha misheni ya Livingstonia, kilibebwa vipande vipande kuyapita maporomoko ya mto Shire. Mwaka 1893 ikafuata Hermann von Wissmann ya Wajerumani, ambayo Waingereza waliishambulia Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, tarehe 13 Agosti 1914. Chauncy Maples ya misheni ya UMCA iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikashushwa ziwani mwaka 1901. Vyombo hivyo vilipaswa kuiweza njia ya nchi kavu kabla ya kuliweza ziwa: kisichogawanyika hakikufika.

Fibaglasi ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini na kupangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu. Huko Marekani Ray Greene alitengeneza mashua ndogo ya namna hii mwaka 1942. Mwaka 1959 ikatokea Triton, mashua ya safari yenye urefu wa futi 28 na nusu, iliyosanifiwa na Carl Alberg, zikauzwa mamia. Hata hivyo umbo lake lilikuwa lile la mashua za mbao za zamani, lenye mkuku mrefu. Mfano ulio wazi zaidi ni Folkboat ya Skandinavia, ambayo asili yake ilikuwa ya mbao zilizopandana. Ilipoanza kutengenezwa kwa fibaglasi katika miaka ya 1970, kalibu ilihifadhi mistari ya mbao ambazo hazikuwamo tena. Mali mpya ilikuwa ganda moja kama mtumbwi, lakini ilivikwa sura ya mbao.

Mtu akitaka kusanifu mashua ya tanga kwa ajili ya pwani hii ya Ruvuma, yampasa kuanza na ziwa lenyewe. Urefu wake unazidi kilomita 550, na upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji wa ziwa huuita mwera, hupata nafasi kubwa ya kuinua mawimbi mafupi yaliyosimama. Bandari za kujihifadhi ni chache. Kwa hiyo chombo chahitaji farumi nzito chini, omo la kukata mawimbi, na tanga liwezalo kupunguzwa upesi. Tena, maji yasiyo chumvi hupenya fibaglasi kwa urahisi kuliko maji ya bahari na kuitoa malengelenge. Tabaka la nje lichaguliwe kwa kulikumbuka hilo. Lakini ile taabu ya Ilala haipo: mapipa ya rezini na marobota ya nyuzi hupita Songea juu ya lori, na ganda zima huweza kuzaliwa ufukoni penye kalibu.

Hapa ndipo palipo na kazi ya wataalamu wa lugha. Msamiati wetu wa vyombo umekusanywa zaidi kutoka kwa maseremala wa jahazi wa pwani ya bahari, na katika mashua isiyo na viungo maneno kama taruma na kalafati hukosa cha kutaja. Kalibu ni neno letu, na ganda ni letu. Mengine ya kutaja unene, mpindo na ukingo wa ganda yatafutwe kwanza kwa wachongaji wa Nyasa, katika Kinyasa na Kimanda, kabla ya kuazima ng'ambo. Magogo makubwa yakiadimika, tezo hutupwa. Na tezo ikitupwa, maneno ya fundi hayadumu baada yake.