Pac-Man wa Atari: je, mashine ilikuwa na makosa?

Wasomaji wangu, leo turudi nyuma kidogo. Mwaka 1980 Namco ya Japani ilitoa Pac-Man kwenye mashine za sarafu. Mwaka 1982 Atari ikauleta mchezo huo nyumbani, kwenye Atari 2600. Katriji zikauzwa kwa mamilioni, lakini wachezaji wakalalamika: mizuka minne ilikuwa ikizimika na kuwaka kama balbu mbovu.

Wengi hulaumu mashine. Ni kweli, RAM yake ilikuwa baiti 128 tu, na ilikuwa na picha mbili tu za wahusika. Moja ikawa Pac-Man. Ya pili ikachora mizuka yote kwa zamu. Programu nzima, aliyoiandika Tod Frye, ilibanwa kwenye kilobaiti 4.

Muda si mrefu Ms. Pac-Man ikatoka kwa mashine ile ile, safari hii kwenye kilobaiti 8. Mizuka ikatulia; ilimetameta pale tu ilipokutana kwenye mstari mmoja. Mashine haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nafasi ya katriji na mbinu ya kuchora.

Kwa hivyo wenzangu, programu ikitushinda tusikimbilie kulaumu kompyuta. Tuulize kwanza tulipewa nafasi gani, na tuliitumiaje.