Kuhama Kanisa kwa Hitilafu ya Itikadi: Ushahidi wa Kirore cha 1929

Imezoeleka miongoni mwa wanaoandika juu ya makanisa ya Afrika Mashariki kunena kwamba muumini aliyehitilafiana na kanisa lake katika mambo ya imani hana budi kuchagua moja katika mawili: ama anyamaze abaki, na akibaki huhesabiwa mnafiki, ama ahame, na akihama husifiwa kwa unyofu wa dhamiri. Hoja hii imejengwa juu ya Nairobi na miji iliyo mfano wa Nairobi, ambako mtu aliyetoka katika ibada ya Kipresbiteri asubuhi aweza kuwa amekaa katika ibada ya Kipentekoste kabla ya adhuhuri, wala pasiwe na jirani wa kumuuliza sababu. Makala haya yameandikwa kwa kuitazama Rapsu, makazi ya wakulima wa mashamba ya umwagiliaji upande wa Kinna, katika Garbatulla ya kaunti ya Isiolo, si mbali na Mbuga ya Meru, ambako wenyeji walio wengi ni Waborana na dini yao ni Uislamu, na Wakristo ni wachache, aghalabu watu walioletwa na kazi. Mahali kama hapo, kuhama kanisa si kuchagua kanisa jingine; ni kuchagua baina ya kusali pamoja na wenzako na kusali peke yako, na nadharia isiyoweza kumjibu mtu wa Rapsu haijastahili kuitwa nadharia ya Afrika Mashariki.

Fumbo lililonisukuma kuandika nalilipata kwa mwalimu mmoja wa kike wa upande huo, aliyelelewa katika madhehebu yasiyobatiza ila watu wazima, naye sasa husali na Wakristo wabatizao watoto wachanga kwa kuwa ndio walio karibu. Nilimuuliza kama nafsi yake haimsuti. “Mzee, mimi siamini ubatizo wa mtoto mchanga, na wazee wa kanisa wanajua kuwa siamini,” alinijibu. “Mtoto akibatizwa nasimama na wenzangu, namwombea yeye na mama yake. Siku watakayoniambia nitamke kuwa naamini, siku hiyo nitabaki nyumbani na Biblia yangu.” Jibu hili halikubaliani na yale mawili ya wanazuoni wetu. Hakunyamaza, kwa kuwa wazee wanajua, wala hakuhama. Mpaka wake ameuweka mahali pengine kabisa, pale ambapo kanisa litadai kinywa chake kishuhudie lile ambalo moyo wake unalikana. Nadai kuwa mpaka huo ndio sahihi, na kwamba tarehe ya Ukristo wa Kenya inautolea ushahidi.

Katika maandiko yaliyotangulia kuna jambo ambalo halina mgogoro. Welbourn, katika kitabu chake cha 1961, na tena pamoja na Ogot katika kile cha 1966, alibainisha kuwa makanisa ya kujitegemea yalizaliwa pale Waafrika walipojiona wageni ndani ya nyumba waliyoambiwa ni yao; hilo nalikubali. Lakini siwezi kukubaliana na David Barrett, ambaye katika Schism and Renewal in Africa, kitabu kilichotoka 1968, alikusanya habari za vikundi vipatavyo 6,000 vilivyojitenga, akapanga sababu 18 za kupimia uwezekano wa mfarakano, kisha akapima makabila. Kazi yake ni kubwa, na hukumu yake kwamba wamisionari walipungukiwa na upendo ilihitaji ujasiri kwa mtu aliyekuwa mmisionari yeye mwenyewe. Walakini kabila halina dhamiri. Kabila haliamki alfajiri ya Jumapili likajiuliza kama litakwenda ama litabaki. Mizani ya Barrett yaweza kutueleza kwa nini mfarakano ulitukia katika nchi fulani, lakini haiwezi kutueleza kwa nini ndugu wawili wa nyumba moja, waliosoma shule moja na kubatizwa na padri mmoja, mmoja alitoka na mwenziwe akabaki. Na hilo ndilo swali la kila anayekusudia kuhama.

Basi na tutazame kirore. Katika Machi 1929, wajumbe wa makanisa ya misheni katika nchi ya Wakikuyu walikutana Tumutumu, wakaazimia kuwa tohara ya wasichana iachwe na Wakristo wote. Baadaye mwaka ule ule Misheni ya Kanisa la Scotland, ikiongozwa na Dkt. John Arthur wa Thogoto, ambaye wakati huo alikuwa pia mjumbe wa Baraza la Utendaji la serikali ya koloni, iliwataka wazee wa kanisa na walimu waahidi kwa maandishi. Na misheni nyingine, kama Africa Inland Mission na Gospel Missionary Society, zilishika njia iyo hiyo. Tafakari jinsi tendo lenyewe lilivyokuwa. Jina huandikwa kwenye karatasi; mwenye jina husogea mezani; kidole gumba chake hutiwa wino, kikabanwa kando ya jina, kikaacha alama ambayo hawezi kuikana mbele ya mtu yeyote. Alama hiyo ya kidole ndiyo kirore, na waliotia sahihi wakaitwa kwa jina hilo, ilhali waliokataa wakaitwa aregi. Fauka ya hayo, kiapo cha misheni ya Scotland hakikuishia kwenye tohara, bali kilimtaka mtu ajitenge na Chama Kikuu cha Wakikuyu, yaani KCA, kilichokuwa kikidai ardhi iliyonyang'anywa. Mwalimu aliyekataa alipoteza kazi, na mzazi aliyekataa alihofia nafasi ya mwanawe shuleni.

Matokeo yake yanajulikana: katika muda wa majuma machache makanisa yaliyodai kiapo yalipoteza sehemu kubwa ya washirika wao, na upande wa Kikuyu ya kusini hasara ilikuwa kubwa hata baadhi ya makanisa yakabaki na watu wachache wa kuhesabika. Lakini jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili. Misheni ya Kianglikana ya CMS, yenye itikadi isiyotofautiana sana na ile ya Waskoti, nayo iliichukia tohara ya wasichana, ila kwa jumla haikumlazimisha kila mshirika kula kiapo, bali iliacha jambo hilo mikononi mwa mitaa. Nayo ilipata fitina na uchungu, lakini haikupotelewa na watu kwa kadiri ile. Misheni za Kikatoliki hazikuweka sharti hilo, na watu wao hawakutoka. Mila ni ile ile, kabila ni lile lile, mwaka ni ule ule, na hitilafu baina ya muumini na mchungaji ni ile ile. Kilichotofautiana ni karatasi. Ikiwa hitilafu ya itikadi ndiyo imtoayo mtu kanisani, basi ingaliwatoa watu wa CMS kama ilivyowatoa watu wa Thogoto.

Kuna dalili ya pili, nayo ni mwenendo wa waliotoka. Hawakuiacha Biblia, wala ubatizo, wala Sala ya Bwana. Walijenga shule zao chini ya chama cha shule za kujitegemea na kile cha shule za Karing'a, na walipohitaji makasisi hawakujitawaza wenyewe kwa pupa, bali walimwita Daniel William Alexander, askofu mkuu wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini, aliyefika 1935 akawafundisha na kuwawekea mikono watu wao kabla ya kurejea kwao 1937. Watu wanaogharimia safari ya askofu kutoka kusini ya bara ili wapate daraja takatifu zilizo halali si watu walioasi imani. Waliikataa karatasi, wakaibeba akida yote mabegani mwao.

Nitaambiwa: wamisionari walikuwa na haki juu ya jambo lenyewe. Naam, walikuwa na haki. Tohara ya wasichana ni madhara kwa mwili na kwa uzazi, sheria ya Kenya ya 2011 imeipiga marufuku, nami siitetei hata kwa nusu ya neno. Lakini kuwa na haki juu ya madhara hakumpi mtu haki juu ya kidole gumba cha mwenziwe. Wala kulazimisha hakukuwaongoa watu. Katika nchi ya Meru, inayopakana na Isiolo, Wamethodisti nao walidai kiapo wakabakiwa na wachache mno. Na pale Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ilipotoa amri ya kuikataza tohara hiyo mwaka 1956, wasichana walitahiriana wao kwa wao kwa siri, kama alivyoeleza mwanahistoria Lynn Thomas kwa urefu.

Nitaambiwa tena kuwa kila kanisa lina ungamo lake, na kwamba kudai ungamo si dhuluma. Hapa yatupasa kupambanua. Ungamo la ubatizo huulizwa mtu anayeingia, naye huingia akijua. Kirore kilidaiwa kwa watu waliokwisha kuingia, juu ya jambo lisilokuwamo katika ungamo waliloliungama, na kiliambatanishwa na riziki ya mwalimu na shule ya mtoto. Katika hali ya kwanza kanisa hujitambulisha, lakini katika ya pili humshika mtu kooni.

Kwa upande wa pili wako waliobaki, na walio bora miongoni mwao ni Balokole, watu wa uamsho ndani ya Kanisa la Kianglikana. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, William Nagenda akiwamo, kwa kushikilia ibada zao za alfajiri na kwa kuwakemea wakuu wao hadharani. Walikuwa na kila sababu ya kuanzisha kanisa lao, na wafuasi hawakukosekana. Hata hivyo walibaki Waanglikana, wakiendelea kusema wazi waliyoyaamini. Kisa cha kikundi cha Johera cha 1957, ambapo Matthew Ajuoga na wenzake walitoka katika Uanglikana wa Nyanza na kuunda Kanisa la Kristo katika Afrika, kinanipa taabu zaidi, kwa kuwa humo yamechanganyika mafundisho, uongozi na chuki za vikundi vya uamsho vyenyewe kwa vyenyewe, wala sitadai kuwa kipimo changu kinakimaliza.

Ama wale wanaomtumia Augustino kuwazuia watu wasitoke, kwa kuwa aliwapinga Wadonato, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga, kwa jina la umoja, inafaa wamsome hadi mwisho. Hata kabla ya mkutano wa Karthago wa 411 alikuwa amekwisha kuridhia nguvu ya dola itumike kuwarudisha waliojitenga, na hivyo hoja yake ya umoja ikaishia kwenye kulazimisha. Ninavyoona mimi, umoja unaohitaji askari umekwisha kuvunjika kabla ya askari hao kufika.

Siku hizi mafarakano yanaendeshwa kutoka juu. Maaskofu wa GAFCON, jumuiya ya Waanglikana wahafidhina, waliokutana Nairobi 2013 na Kigali 2023, walitangaza huko Kigali kutokuwa na imani na Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, na huenda walikuwa na hoja nzito. Lakini mshirika wa Garbatulla aliye katika kanisa lao hakuulizwa, na kesho aweza kuambiwa kuwa amehama akiwa amekaa kwenye benchi lile lile. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 32, imekataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani yake. Sheria hiyo imetungwa kwa ajili ya nchi, nami sioni sababu ya kanisa kuwa na insafu ndogo kuliko serikali.

Kwa hiyo mtu anayeniuliza kama ahame, namuuliza maswali mawili tu: Je, wenzako wanajua usichokiamini? Na je, wamekutaka ukiri kwamba unakiamini? Ikiwa wanajua na hawajakutaka, baki, uendelee kusema. Wakikutaka, toka siku hiyo hiyo, hata kama huko nje hapana kanisa jingine la kukupokea. Na wazee wa makanisa yenye washirika wachache, huko Isiolo na kwingineko, nawasihi wamkaribishe Mezani pa Bwana kila aliyebatizwa, bila kumdai barua ya kuhamisha ushirika wala sahihi ya kukana alikotoka.