Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Juma hili nawaomba tuutazame mgongo wa dereva wa lori. Leseni yake na mwendo wake tumevizungumza sana, na kila ajali ikitokea yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa. Ni mara chache tunauliza ameketi juu ya kitu gani.

Simama kando ya Barabara ya Morogoro uyahesabu malori yanayotoka bandarini. Mengi hayana pua. Kabini imekaa juu ya injini, kioo kimesimama kama ukuta, na dereva yuko juu ya tairi za mbele au mbele yake kidogo. Umbo hilo halikubuniwa kwa ajili ya raha yake. Lililetwa na futi kamba ya serikali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi za Ulaya ziliweka mipaka ya urefu wa magari ya mizigo. Ujerumani Magharibi, chini ya waziri wa uchukuzi Hans-Christoph Seebohm, iliamua katika miaka ya 1950 kwamba lori pamoja na tela lake lisizidi mita 14. Ukishapewa kipimo hicho, kila sentimita ya pua ni sentimita iliyopunguzwa kwenye bodi la mzigo. Watengenezaji wakaikata pua na kumpandisha dereva juu ya ekseli. Mzigo ukapata nafasi, naye akapata mtikisiko.

Kila aliyewahi kukaa kiti cha mwisho cha basi anaijua sababu. Katikati ya gari unatikisika, mwishoni unarushwa. Katika lori lenye pua, dereva huketi nyuma ya tairi za mbele, akaelekea katikati. Katika lori lisilo na pua, tairi likiingia shimoni yeye yuko juu yake. Tena ameketi juu sana, kwa hiyo chesi ikiinama kidogo tu, kichwa chake huyumba mbele na nyuma.

Ongeza hapo zile springi za majani ya chuma. Majani hayo husuguana, na mtikisiko mdogo hauna nguvu ya kuushinda msuguano huo, basi hupita moja kwa moja kama vile springi haipo. Isitoshe, zimetengenezwa kubeba mzigo kamili. Lori likirudi tupu huwa gumu kama mkokoteni.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo somo letu katika jambo hili. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na punde si punde Zambia ikakosa njia ya kusini ya kupitishia mafuta. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, ya serikali hizi mbili pamoja na wabia wa Italia. Gari lake lilikuwa Fiat 682, lori lisilo na pua, ambalo aina yake ilianza kutengenezwa mwaka 1952. Mafuta yalikwenda, shaba ikarudi, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Waandishi wa Kiingereza waliiita Mbio za Jehanamu.

Gari lile lilisifiwa kwa uimara, na sifa zilikuwa za haki. Lakini injini ilikuwa humo humo kabinini, jirani na goti la dereva, na kabini yenyewe ilikaa juu ya chesi bila springi zake. Bomba la mafuta lilifika Ndola mwaka 1968. Reli ya Uhuru ikakabidhiwa mwaka 1976. Tunaposimulia ukombozi wa kusini mwa Afrika tunataja mapipa, shaba na mataruma. Mgongo uliovusha mapipa yale hatuutaji.

Ulaya nako mgongo ulichelewa kukumbukwa. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kipimo cha mtikisiko wa mwili mzima, kikionyesha kwamba mrusho wa juu na chini unaomsumbua zaidi binadamu ni ule wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Mwaka 1977 kampuni ya Volvo ya Sweden ilitoa malori ya F10 na F12, ambayo kabini ilikalishwa juu ya springi zake yenyewe. Viti vyenye springi au hewa navyo vikaenea. Sasa kati ya shimo na uti wa mgongo kukawa na ngazi tatu: springi za ekseli, springi za kabini na springi za kiti.

Angalieni basi jinsi sheria zilivyopangana. Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu lori la ekseli tatu kubeba tani 26 badala ya 25, mradi ekseli inayosukuma iwe na mifuko ya hewa au kitu cha uwezo huo. Kusudi lilikuwa kuihifadhi barabara isipondwe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kumkinga mfanyakazi na mtikisiko ilipitishwa mwaka 2002. Lami ilimtangulia binadamu kwa miaka 10.

Na Marekani? Mwaka 1982 sheria mpya iliacha kuyawekea mipaka ya urefu malori ya tela katika barabara kuu za taifa. Likapimwa tela peke yake. Madereva na matajiri wao wakarudi kwenye lori lenye pua, na lile bapa likafifia. Futi kamba iliyolileta ndiyo iliyoliondoa.

Hapa kwetu malori mengi huja yakiwa yamekwisha kutumika. Nimepita katika gereji nikaona kabini ambayo shokomzoba zake zimekufa, na kiti cha hewa kimegeuzwa kuwa kipande cha godoro. Tairi hubadilishwa, kwa kuwa askari huliona. Majani ya springi huongezwa, kwa kuwa mzigo umezidi. Kiti hakionwi na mtu ila anayekikalia, naye ataambiwa kazi haitaki deko.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tajiri mwenye lori, kabla hujamkabidhi dereva karatasi za safari ya Lubumbashi, panda wewe kwenye kiti chake, uendeshwe kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze tu. Ukishuka, agiza shokomzoba.