Uendelevu, au Kubakiza?

Ufuoni mwa ziwa, Port Victoria, pale akina mama wanapoanika omena juu ya nyavu kuukuu, mwelimishaji mmoja wa mazingira alikuwa akitueleza habari za "uvuvi endelevu". Mzee mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, kwani sisi tuliwahi kuacha kuvua?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini mzee hakukosea. Alilisikia neno jinsi lilivyoundwa.

Enda huzaa endelea. Endelea ikivaa -vu hutoa endelevu, kama legea inavyotoa legevu na potea ikatoa potevu. Tanguliza u- upate uendelevu: hali ya jambo kutokoma. Maendeleo nayo yametoka tumbo lilo hilo, ndiyo maana "maendeleo endelevu", msemo uliovuma duniani baada ya ripoti ya tume ya Gro Harlem Brundtland ya mwaka 1987, kwa Kiswahili unakaribia kuwa mwendo unaokwenda. (Na huku kwetu maendeleo ni lami na stima, omena hawamo.)

Wajerumani walianzia kwingine. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, aliona misitu ikimalizwa na migodi na matanuri ya madini, akaandika kwamba miti ivunwe kwa kiasi kinachoweza kuota tena. Neno la Kijerumani la uendelevu lililotokana na maandishi yake lina ndani yake kushika kitu ukakiweka kwa ajili ya baadaye. Lao linashika, letu linatembea.

Na kazi ya mwelimishaji wa ziwani, kwa sehemu kubwa, ni kuwaambia watu waache kitu. Huku Kenya, mbuta anayeruhusiwa kuvuliwa ni wa sentimita 50 hadi 85. Wa chini ya hapo hana ubishi, bado mtoto. Kasheshe ni huyu aliyepita 85, samaki wa kulipa deni lote la mafuta ya injini, ambaye naye hatakiwi kuguswa kwa kuwa mbuta wakubwa wengi ni majike wenye mayai tele. Simama mbele ya mvuvi aliyemkumbatia samaki huyo umwambie "endelevu". Mwambie "mbakize azae" na angalau mtabishana juu ya jambo lenyewe. Omena nao hufungiwa upande wa Kenya kuanzia Aprili hadi Julai, na hapo wavuvi husema tu kwamba ziwa limefungwa.

Sisemi endelevu litupwe. Limo kwenye sera na vitabu vya shule, na walimu wamelizoea. Ninachogombea ni kiungo kidogo tu: "elimu ya uendelevu" ni mada ya kukariri na kufanyia mtihani, ilhali "elimu kwa uendelevu" inauliza mwanafunzi akitoka darasani atafanya nini. Wengi huandika "ya" kwa mazoea.

Safari nyingine mwelimishaji yule alirudi bila makaratasi. Alimwendea mzee kwanza.

"Mzee, mbalamwezi ikiwaka mnavua omena?"

"Wapi! Hawafuati taa. Mitumbwi inalala hapa mchangani, sisi tunashona nyavu."

"Siku ngapi?"

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, wengine wakamsogelea kumsahihisha. Neno endelevu lilikuja kutajwa karibu nusu saa baadaye.