Nzige Waliandikwa, Viwavi Walibanwa

Katika China ya wafalme, nzige walipovamia mashamba habari ilipanda kutoka wilayani hadi ikulu, na waandishi wa tarehe wakaihifadhi. Kutokana na maandishi hayo, watafiti wamepanga historia ya nzige ya takribani miaka 1,900, na wakaona kwamba nzige walizidi nyakati za baridi na ukame.

Ulaya, kwa upande wake, ilikausha majani. Tangu Luca Ghini wa Italia awafundishe wanafunzi wake, katika karne ya 16, kubana mimea na kuibandika kwenye karatasi, mkusanyaji alitafuta jina la mmea, si mdudu. Mdudu alijipenyeza. Nondo aitwaye Cameraria ohridella alipewa jina la kisayansi mwaka 1986, na wengi walimdhani mgeni Ulaya. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba viwavi wake wamo ndani ya majani aliyochuma mwanabotania Theodor von Heldreich nchini Ugiriki mwaka 1879. Kumbe ni mwenyeji wa Balkani!

Mtafiti Emily Meineke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walikwenda mbali zaidi: walipima madhara ya wadudu. Katika sampuli zaidi ya 600 za aina nne za mimea ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, zilizochumwa katika kipindi cha zaidi ya karne moja, uwezekano wa kukuta madhara kwenye sampuli za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulizidi ule wa sampuli za mwanzoni mwa karne ya 20 kwa asilimia 23. Majira ya baridi yakipungua ukali, majani huliwa zaidi.

Huko China baridi, huku Marekani joto: mtu asione ukinzani. Wadudu ni tofauti, na mashahidi pia. Mwandishi wa China aliandika kilicholeta njaa. Kiwavi mmoja mmoja hakumhusu. Jani lina tundu ambalo hakuna aliyelijali. Hata hivyo si shahidi safi, maana mkusanyaji hupenda tawi zuri na kuliacha lililotobolewa. Tena wapo wadudu wanaokula sampuli kabatini. Madhara yao hutambulika, kwa kuwa jani lililoumwa likiwa hai huota kovu ukingoni mwa tundu, na jani kavu haliwezi.

Kwa madhara ya kila siku, mimi naliamini jani kuliko karani. Na majani tunayo: hebariamu ya Afrika Mashariki, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950, ina karatasi zipatazo milioni moja. Wanafunzi wetu wa biolojia wazifungue, wahesabu matundu.