Majimoto, Mlinzi Asiyelipwa

Anayesafiri kwa barabara ya kusini hadi Kibiti, kisha akashuka Nyamisati penye delta ya Rufiji, huiona mikorosho na minazi kabla ya kuifikia mikoko. Mwenye miti hiyo, sawa na mwenye mlimau uani kwake Temeke, hupambana na wadudu wafyonzaji, na mara nyingi wazo la kwanza ni sumu ya dukani. Leo namtetea mlinzi asiyedai hata senti: majimoto.

Ni yule sisimizi mwekundu anayeshona majani mabichi yakawa nyumba. Anauma, simsingizii. Lakini sifa zake ni za kale. Huko China, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 kinaeleza jinsi viota vya ndugu zake vilivyouzwa sokoni ili vilinde michungwa.

Kwetu, habari zake ziliandikwa Zanzibar miaka ya 1950. Mtafiti Mwingereza, M. J. Way, alichunguza kwa nini vidaka vinadondoka kabla ya kuwa vitale. Mwizi alikuwa mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza nazi changa. Minazi iliyojaa majimoto ilisalimika zaidi. Mdudu yule akapewa jina la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtafiti. Mwizi akapata jina; mlinzi hakupata kitu.

Miaka ya 1980 mradi wa taifa wa minazi uliendeleza kazi hiyo Bara. Ikaonekana kwamba majimoto naye ana adui: sisimizi mdogo wa kahawia akaaye ardhini, ambaye humfukuza mnazini. Wakulima wakashauriwa kuchanganya minazi na miti kama michungwa, ambamo majimoto hupenda kujenga. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba huilinda mikorosho pia, dhidi ya mdudu huyo huyo na dhidi ya mbu wa mikorosho.

Kwa hiyo, anayepuliza sumu ovyo huua mwizi na mlinzi pamoja. Kisha mwizi mwingine huja akiruka kutoka shamba la jirani, lakini mlinzi hutembea kwa miguu, na kundi jipya huchukua muda kukua.

Mbona basi watu huchoma viota vyake? Kwa sababu anayeumwa ni mkwezi, si mwenye shamba. Mkwezi hupanda na panga mkononi, huku majimoto wakimwingia shingoni, kwa ujira mdogo. Kumwambia avumilie kwa faida ya mwingine si haki.

Nionavyo mimi, hesabu ni nyepesi. Fedha ambayo ingenunua sumu, sehemu yake iongezwe kwenye ujira wa mkwezi. Ulinzi wa majimoto una gharama, na mpaka sasa anayeilipa ni yeye peke yake.