Kizazi kilichokatika katikati

Aliyezaliwa Maisaka, mjini Babati, mwaka 1960 na aliyezaliwa 1985 wamepishana miaka 25 tu. Wa kwanza alifikisha miaka 30 kukiwa bado hakuna dawa za bure za ukimwi nchini. Wa pili alifikisha umri huo dawa zikitolewa bure. Tofauti hiyo iliamua nani angezeeka.

Sensa zinalisema hili waziwazi. Mwaka 1978 Mtanzania alitarajiwa kuishi miaka 44. Mwaka 1988 ikawa 50. Sensa ya 2002 ikaleta 51. Mwaka mmoja tu uliongezeka katika miaka 14, ingawa chanjo ziliendelea kuokoa watoto. Miaka waliyoipata watoto, wazazi wao waliilipa kwa kufa mapema.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ukasambaa kwa kufuata barabara kuu. Babati ipo kwenye njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida. Mkoa wa Manyara, ilipo Babati, kwa jumla ulipata nafuu: utafiti wa 2011/12 ulikuta maambukizi ya asilimia 1.5, wakati taifa lilikuwa na 5.1. Lakini wastani wa mkoa mpana wa wakulima na wafugaji hausemi yote kuhusu mji wa barabarani.

Wengi walifia nyumbani bila cheti chochote. Ndiyo maana mwaka 1992 Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walianzisha mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wahoji walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawauliza ndugu wa marehemu dalili alizokuwa nazo. Ukimwi ulionekana kuongoza. Jambo la pili lilishtua zaidi: kiharusi kiliua watu wa umri wa kufanya kazi kwa kiwango kilichozidi cha Uingereza.

Oktoba 2004 serikali ilianza kutoa bure ARV, dawa za kupunguza makali ya ukimwi. Kufikia sensa ya 2012, umri wa kutarajiwa kuishi ulikuwa miaka 61.8.

Onyo la kiharusi, hata hivyo, bado halijajibiwa kwa nguvu ileile. Presha ya juu, chanzo kikuu cha kiharusi, haina dalili za mapema, na dawa zake humezwa maisha yote, kama ARV. Kizazi cha 1985 sasa kimeingia umri wa hatari hiyo. Kipimwe presha kila kinapofika zahanati, na kipewe dawa zisizokatika. Nchi hii imeshathibitisha kwamba inaweza.